Mwalimu Asimame Chini ya Daraja

Nitupe?

— Tupa!

Mtadaka?

— Tutadaka!

Basi dakeni, na asiyeamini abishe sasa hivi, mchana kweupe, mbele za watu. Abishe! Mbona simwoni? Mimi shule niliiaga mapema, lakini mambo ya chuo kikuu nitawaeleza kuliko hao wenye majoho. Na wewe Shangazi Mwanaidi unayeguna hapo mkekani, guna tu, ila ukicheka ujue umeshaamini.

Palikuwa na Chuo cha Uhandisi cha Wanyama, kando ya mto. Mkuu wa Idara ya Madaraja alikuwa Kiboko. Kiboko alikuwa mkubwa, na Kiboko alikuwa mlafi. Alikula majani, akala sifa, akala na vipindi. Vipindi vinaliwaje? Hivi: kila muhula ukianza alijiandikia vipindi vingi kuliko mwalimu yeyote, aonekane mchapakazi. Asubuhi ikifika, huyo, anamwita Pimbi.

Pimbi alikuwa mwalimu wa chini kabisa. Mdogo, rangi ya vumbi, masharubu yamejaa chaki.

"Pimbi!"

"Naam, Mkuu."

"Leo nina kikao. Nifundishie."

"Ndiyo, Mkuu."

Kikao chenyewe kilikuwa mtoni. Kiboko alizama kwenye tope, akaacha matundu ya pua tu, bwabwabwa, bwabwabwa, mpaka jua linashuka.

Pimbi akafundisha asubuhi. Pimbi akafundisha mchana. Jioni Pimbi akasahihisha. Wanafunzi walijaa mpaka madirishani, ngedere wengine wananing'inia kwenye kenchi za paa. Na karakana? Imefungwa! Ufunguo Kiboko kauvaa shingoni. "Mashine zisiguswe," alisema, "zitachakaa. Tunawatunzia wageni."

Basi wahandisi wakafundishwa msumari kwa maneno. Pimbi aliwasomea madaftari ya zamani ya Kiboko, nao wakaandika, kra kra kra. Waliandika kila kitu. Pimbi akipiga miayo, aaauuh, nao wanaandika "aaauuh". Kwenye mtihani wakajibu "aaauuh", na Pimbi, kwa ule uchovu, akaipigia tiki.

Mkewe akamwambia, "Baba Tabu, utakufa na chaki mkononi. Na matangani atakayesoma risala ni huyo huyo Kiboko."

"Mimi sitaki makubwa, mama Tabu. Nataka kulala tu."

"Si umwambie!"

Akaenda, akamwambia. "Mkuu, nimechoka. Nipunguzie vipindi."

Kiboko akacheka, ho ho ho, tope likaruka. "Kufundisha hakumpandishi mtu cheo, Pimbi. Andika makala."

"Niandike saa ngapi, Mkuu?"

"Ukimaliza kusahihisha. Na jina langu litangulie."

Pimbi akarudi, akalala amesimama, akiwa anachora nguzo ubaoni. Mstari ukashuka mpaka sakafuni.

Sasa siku moja Mkuu wa Chuo, Ndovu, akaja idarani. Akasema, "Nataka wanafunzi wenu wajenge daraja la kuvuka mto huu. Likishika, kutawekwa kibao chenye jina la mwalimu wao."

Kibao! Kiboko akaibuka topeni, pwaaa! "Mwalimu wao ni mimi! Hata vipindi vimeandikwa jina langu!"

Kila mtu akamtazama Pimbi. Pimbi akapiga miayo, aaauuh. Akasema polepole, "Ni kweli. Mkuu ndiye mwalimu wao. Basi na ile desturi ataitimiza yeye."

"Desturi gani?" akauliza Ndovu.

"Mkuu wa Idara anaijua. Ni ya tangu wahandisi wa kwanza. Siku ya kulipima daraja, mzito anapita juu, na mwalimu wa waliolijenga anasimama chini."

Kiboko hakuwahi kuisikia. Lakini Mkuu wa Idara mzima aseme hajui? Mbele ya Ndovu? Akatoa kifua. "Naijua. Naijua sana."

"Lakini kama Mkuu ana kikao," akasema Pimbi, "nitasimama mimi, na kibao kiandikwe Pimbi."

"Kiandikwe nani?" Kiboko akanguruma. "Nasimama mimi!"

"Vizuri," akasema Ndovu. "Atakayepita juu ni mimi." Akaondoka, ndi, ndi, ndi, ardhi ikitikisika. Kiboko akaitazama ile miguu inavyokanyaga. Akaitazama tena.

Kesho yake Kiboko akaingia darasani. Wanafunzi wakadhani ni mgeni, wakasimama kumwimbia.

"Kaeni! Nguchiro, nguzo ya daraja inachimbiwa kina gani?"

Nguchiro akasafisha koo. "Daraja ni kitu kinachounganisha ng'ambo na ng'ambo, aaauuh."

"Nimeuliza nguzo!"

"Nguzo haimo, Mkuu. Daftari lako ukurasa ule uliliwa na mchwa."

"Msumeno je? Mmewahi kuushika msumeno?"

"Tumeuandika, Mkuu."

Jasho jekundu likamtoka Kiboko. Akaung'oa ufunguo shingoni, akaifungua karakana, kwiii! "Ingieni! Shikeni! Chakazeni!"

Wakakata mbao, kwaru kwaru kwaru. Wakagonga misumari, ko! ko! ko! Wakaweka jiwe juu ya boriti ya kwanza. Kaaa! Ikavunjika.

"Kwa nini imevunjika?" akauliza Kiboko.

"Haijaandikwa, Mkuu."

"Mimi nami sijui. Leteni hapa tuitazame."

Wakaitazama. Wakaona imevunjikia penye fundo la mti. Wakaweka nyingine isiyo na fundo. Wanafunzi walikuwa wengi, Kiboko hakuwasikia wote, akawagawa vikundi vidogo vidogo, akawa anazunguka kikundi hadi kikundi. Akakonda. Sauti ikamkauka. Mtoni hakuonekana tena.

"Pimbi! Njoo unisaidie!"

Pimbi alikuwa juu ya jiwe, anaota jua, macho kayafumba. "Nina kikao, Mkuu."

Mama Tabu akamfunika kanga, akawafukuza watoto wasipige kelele.

Siku ya kupima ikafika. Wanyama wakajaa kingo zote mbili. Kiboko akasimama chini ya daraja, maji kifuani. Ndovu akakanyaga ubao wa kwanza. Ndi! Daraja likalia, nyiiii.

"Nguchiro, mwanangu," Kiboko akanong'ona, "ile nguzo ya kati mliichimbia?"

"Tuliichimbia, Mkuu."

"Kina gani?"

"Mpaka tukakuta jiwe."

"Mungu akuzidishie."

Ndi! Nyiiii. Ndi! Nyiiii. Kiboko akafumba macho, akaomba dua zote alizozijua, na nyingine za dini ya jirani. Ndi! Halafu kimya. Akafumbua jicho moja. Ndovu yuko ng'ambo. Vigelegele vikapaa! Kibao kikapigwa misumari, jina la Kiboko kwa herufi kubwa, na Kiboko mwenyewe akaanguka palepale akakoroma.

Nimetupa, mmedaka, kilichowaponyoka ni cha kuku. Na funzo ni hili, liandikeni: mwalimu anayewapenda wanafunzi wake, alale.

Mnanyanyuka? Ngojeni kwanza. Kuna kipande nimekiruka. Shangazi, usinitazame hivyo, nilitaka mwende nyumbani mnacheka.

Desturi ile haikuwapo. Pimbi aliitunga palepale, kati ya miayo na miayo. Ila Ndovu aliipenda, akaifanya sheria ya chuo: kila muhula daraja jipya, kila mwalimu asimame chini ya daraja la wanafunzi wake. Na Kiboko, kwa ufundishaji bora, alipandishwa cheo, akapelekwa ofisi ya juu, ambako hakuna kufundisha. Madaraja yote akaachiwa Pimbi.

Sasa Pimbi hawezi tena kusoma madaftari. Wanafunzi wameonja nyundo, hawataki chaki. Asubuhi yuko karakana, ko! ko! ko! Mchana kikundi hadi kikundi. Jioni anakagua fundo la kila boriti, maana chini atasimama yeye.

Mama Tabu akamuuliza, "Baba Tabu, utalala lini?"

"Ndovu akishavuka."

"Na akishavuka?"

"Kuna muhula mwingine, mama Tabu."