Mkalimani wa Msitu wa Rungwe

Wahenga hawakusema kwamba mwongo hana njia. Njia anayo, tena mwanzoni huwa pana na nyeupe, haina hata jiwe la kujikwaa. Walichosema ni kwamba haifiki mbali. Anayebisha na amwulize Alinanuswe, aliyekuwa mwanafunzi wa sekondari huko Iringa miaka ya hamsini, ambaye aliishika njia hiyo kwa madaha lakini haikumvusha hata msitu mmoja.

Mwalimu Liberatus, aliyefundisha jiografia, alitangaza safari ya kwenda kuuona msitu wa mvua kwenye mlima Rungwe, huko mbele ya Mbeya. Lori lilikuwa moja na darasa lilikuwa kubwa, hivyo kila mtu aliitafuta nafasi kwa udi na uvumba.

"Nani anajua Kinyakyusa?" mwalimu aliuliza. "Kule juu wazee wengi hawasemi Kiswahili. Nitahitaji mkalimani."

Mkono wa Alinanuswe ulikuwa hewani kabla swali halijafika mwisho. Jina lake la Kinyakyusa lilimtolea ushahidi, maana nani angemshuku mtu anayeitwa hivyo? Lakini kijana yule alizaliwa Iringa mjini, Kihehe alikinyonya kwa mama yake, na baba yake, Mnyakyusa aliyekuwa fundi cherehani, alikuwa mtu wa kimya hata mezani. Kinyakyusa chote alichokuwa nacho kilikuwa maneno mawili: *ugonile* la kusalimia na *ndaga* la kushukuru.

"Nimekulia humo, mwalimu," alisema bila kupepesa macho.

Wa kwanza kumpongeza alikuwa rafiki yake Muharami, mtoto wa mwenye duka karibu na msikiti, winga wa timu ya shule ambaye mabeki wa Mbeya walimwogopa kama ukoma. Ndani ya lori Muharami hakumpa rafiki yake nafasi ya kupumua.

"Nifundishe basi, ndugu yangu. Mti mnauitaje?"

"Mti upi? Kila mti una jina lake."

"Na mvua?"

"Inategemea ni mvua gani."

Wenzao walicheka wakadhani anatania. Alinanuswe naye alicheka. Kadiri lori lilivyopanda vilima vya Uporoto ndivyo alivyozidi kujigeuzageuza kwenye benchi, mara atazame nyuma, mara aulize kama bado ni mbali. Alitamani gurudumu lipasuke. Gurudumu halikupasuka.

Chini ya mlima alikuwa akiwangoja Mzee Yotamu, mtu mwembamba mwenye mundu begani, aliyetumwa na chifu awaongoze.

"Ugonile!" Alinanuswe alimwamkia kwa sauti.

Uso wa mzee ulichanua. Alimshika kijana mkono kwa mikono yake yote miwili, akamwaga maneno mengi bila kupumzika.

"Anasemaje?" aliuliza mwalimu.

"Anatukaribisha, mwalimu."

Hilo lilikuwa rahisi, kwani mwenyeji gani hakaribishi wageni? Waliingia msituni. Kuvumwani ilining'inia kama ndevu kwenye kila tawi, maji yalidondoka ingawa mvua haikuwa ikinyesha, na mbega walinguruma mahali wasipoonekana. Mzee akinyoosha kidole juu, Alinanuswe alisema mti huu ni wa zamani sana. Akinyoosha kidole chini, alisema maji haya hayakauki. Mambo yalimwendea vizuri, na bado roho yake haikutulia hata kidogo.

Walipofika mianzi inapoanzia, mzee alisimama. Furaha ilikuwa imemtoka usoni. Alimgeukia Alinanuswe akasema naye kwa muda mrefu, polepole, kidole kikiwa juu. Kisha akainama, akafanya kwa mikono kama mtu anayechimba, akaonyesha kulia na kushoto na kutikisa kichwa.

"Anasema nini?"

Alinanuswe aliitazama mikono ya mzee. "Anasema... zamani watu walikuwa wakilima viazi hapa. Siku hizi hawalimi tena."

Wanafunzi wakaandika: viazi.

"Maneno yote yale ni viazi tu?"

"Sisi Wanyakyusa tunapenda kurefusha mazungumzo, mwalimu."

Wenzake waliangua kicheko. Mzee alikuwa bado anamtazama, akingoja jibu. Alinanuswe alitoa neno lake la pili na la mwisho.

"Ndaga."

Mzee aliitikia kwa kichwa, ameridhika, akashika njia kwenda mbele.

"Haya, tawanyikeni," alisema mwalimu. "Leteni majani ya kila aina mtakayoyaona."

Alinanuswe hakutawanyika. Ile mikono iliyochimba ilikuwa haimtoki machoni. Alijua ameambiwa jambo zito, lakini jambo gani? Alimwona Muharami akiiacha njia na kukata kati ya mianzi.

"Muharami!"

"Nini?"

"Usiende mbali."

"Kuna nini kwani?"

Angesema kuna nini? Alifungua kinywa, akawaona wenzake wanamtazama. "Hakuna kitu," alijibu.

Muharami alicheka, akaenda. Punde vijiti vilivunjika kwa mfululizo, na ukafuata ukelele uliowatia wote baridi. Hapo hapo ikasikika sauti ya mzee kutoka mbele, kwa Kiswahili: "Simama! Wote simama! Shimo!"

Lilikuwa shimo la kutegea nguruwe mwitu, limefunikwa vijiti na majani. Walipomtoa Muharami, mguu wake wa kulia ulikuwa umevunjika chini ya goti.

"Mimi nasema shimo," mzee alimwambia mwalimu huku akihema. "Nasema shimo iko mingi, kulia, kushoto, msitoke njia. Huyu naitika, nasema ndaga."

"Kumbe Kiswahili unakijua, mzee?"

"Kidogo. Ile ya jeshi. Yenu ya shule mbio, mimi hapana shika. Mbaya, watu nacheka. Leo naona mtoto ya nyumbani iko, nafurahi. Nasema moyoni, leo mimi tasema vizuri."

Mwalimu Liberatus alimgeukia mkalimani wake. "Viazi?" aliuliza.

Alinanuswe aliungama yote akilia, mbele ya darasa na mbele ya mzee, na aibu ile ilimchoma kuliko fimbo yoyote. Mzee hakumkemea. Alikwenda kukata mianzi ya kutengenezea machela.

Alinanuswe aliomba kushika upande wa kichwani. Waliteremka kwa tabu, na katikati ya miguno Muharami alimwuliza: "Pale uliponiita, ulikuwa unajua?"

"Sikujua. Nilijua tu kwamba sijui."

"Ungesema hivyo hivyo, ndugu yangu," alisema Muharami. "Mimi ningesimama."

Mguu ulipona, lakini ulipona mfupi kuliko mwenzake, na mabeki wa Mbeya hawakumwogopa tena winga yule. Alinanuswe alilala kwa raha siku chache sana mwaka ule. Na toka barabarani mpaka mianzi inapoanzia si mwendo wa kumtoa mtu jasho, lakini uongo wake haukuvuka hapo: kweli, njia ya mwongo ni fupi.