Mafundo Yaliyolala Kushoto

Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri maungo. Walimlenga mtu anayejivika sifa asiyoitolea jasho, akatembea nayo kifua mbele, mpaka kaupepo kadogo tu kakamwacha uchi mbele za watu. Alikuwapo seremala mmoja aliyeyajua maneno haya tangu shuleni. Aliyaandikia insha na kupata alama zote. Kuyajua hakukumsaidia.

Mtaani walimwita Injinia kwa utani, naye aliupokea utani ule kama cheo. Alitengeneza makabati na vitanda katika banda la bati nyuma ya nyumba aliyoishi na dada yake mkubwa, mshonaji. Dada huyo ndiye aliyemlea baada ya wazazi wao kufariki, na kila kitu alikifanya kwa mkono wa kushoto: kukata vitambaa, kuandika, kupiga pasi. Tangu utotoni Injinia alimwita Mashoto. Mbele ya wateja alipenda kusema kwamba mkono wa kulia ndio mkono wa fundi; wa kushoto ukishika nyundo, msumari hukimbia wenyewe. Wateja walicheka. Dada naye alicheka, huku akiendelea kushona.

Ikatokea chuo cha ufundi kikatangaza nafasi ya mwalimu wa useremala. Baada ya mchujo walibaki waombaji wanne, na kila mmoja alikabidhiwa sanduku lenye vipande vya mbao vya kuunda mfano wa merikebu ya kale ya milingoti mitatu. Ndani mlikuwa na mbavu zilizopigwa namba, mbao nyembamba kama njiti za kiberiti, na vibunda vya uzi. Walipewa wiki sita. Msimamizi wa karakana, mama mmoja mpole aliyekaribia kustaafu, aliwaambia kwamba anayeweza kusubiri gundi ikauke ataweza kumsubiri mwanafunzi aelewe. Kisha akawapa karatasi watie saini kwamba kazi itakuwa ya mikono yao wenyewe.

Injinia alianza vizuri. Hata adui yake angekiri hilo. Alisimamisha mbavu juu ya mkuku, ule uti wa mgongo wa chombo, akazikagua moja moja hadi zikanyooka. Aliloweka mbao katika maji ya moto, akazikunja taratibu, akazibandika bila kuacha upenyo hata wa unywele. Kufikia wiki ya nne merikebu ilikuwa imetulia mezani kama bata majini. Majirani walipita kuitazama, naye akawataka waanze kuzoea kumwita Mwalimu.

Zikabaki kamba. Kila mlingoti ulidai ngazi za kamba pande zote mbili, na kila ngazi ilikuwa na mafundo kwa mamia, madogo kuliko punje za mtama. Fundo lenyewe alilijua. Kulirudia ndiko kulikomshinda. Siku ya kwanza alifunga ishirini. Siku ya pili aliyakata yote kwa kisu kwa sababu yalipinda. Siku ya tatu aliuvuta uzi kwa hasira, mlingoti wa mbele ukalia kak, ukavunjika. Akaugundisha, akakaa akiutazama.

Dada yake aliacha cherehani, akaja na sindano. "Lete nikufungie mawili matatu, upumzike."

Mawili matatu yakawa siku tisa. Injinia alikaa kando akinywa chai, akijituliza kwamba mambo ya uzi ni ya cherehani, hayahusu useremala. Kazi ilipokwisha, dada alimuuliza kama atawaeleza chuoni kuwa alisaidiwa.

"Nani ataulizia uzi, Mashoto? Wewe nyamaza tu."

Dada akarudi kwenye cherehani yake.

Siku ilipowadia walikibeba chombo pamoja, kaka mbele na dada nyuma, mpaka karakana ya chuo. Injinia akamwashiria dada yake asubiri mlangoni. Merikebu nne zilipangwa kwenye meza ndefu, na msimamizi akazipitia moja moja, polepole. Alipofika kwa Injinia alipitisha kidole ubavuni mwa chombo kutoka mbele hadi nyuma, akaitikia kwa kichwa. Injinia akavimba kama andazi. Akaanza kueleza, bila kuulizwa, jinsi alivyokesha na yale mafundo hadi macho yakamvimba.

"Hili limelegea njiani," msimamizi alisema, akigusa fundo moja. "Lifunge tena, kijana."

Injinia akatabasamu, akashika uzi, akalifunga. Fundo lilikaza vizuri. Msimamizi akainama, akalitazama, kisha akayatazama ya juu yake na ya chini yake.

"Haya yote yamelala kushoto," alisema kwa sauti ya chini. "Hili lako limelala kulia. Nani kwenu anatumia mkono wa kushoto?"

Waombaji wengine waligeuka. Kabla Injinia hajajibu, sauti ya dada yake ilitoka mlangoni.

"Ni mimi, mama. Lakini nilimshikia uzi tu. Kazi ni yake."

Hapo ndipo aibu ilipomshika barabara. Kukamatwa kungevumilika. Lakini dada yake hakuwa mtu wa kusema uongo, na sasa alidanganya mbele ya watu kwa ajili yake, kwa sauti ileile aliyombembelezea utotoni. Injinia alitamani ardhi ipasuke immeze.

"Ananifichia," alisema, macho yakiwa sakafuni. "Mafundo yote ni yake. Mimi nimefunga hilo moja."

"Na mwili wa chombo?"

"Wangu, mama."

"Najua. Hapa mezani hakuna ubavu kama huu. Ungeuleta na milingoti mitupu, ukaniambia kamba zimekushinda, kazi ingekuwa yako." Akaikunja ile karatasi yenye saini, akaiweka mfukoni, akamwendea mwombaji aliyefuata.

Tangu azaliwe, hakuna tusi lililowahi kumchoma Injinia kama sifa ile.

Walirudi kwa njia ileile, merikebu katikati yao. Kinyozi wa mtaani akatoka kibandani, akauliza kama Mwalimu ameshapata kazi. Injinia angeweza kusema matokeo bado. Alisimama.

"Nimekosa. Na hizi kamba unazozitazama si kazi yangu. Amezifunga dada yangu."

Kinyozi akabaki na mkasi hewani; miaka yote hiyo hakuwahi kumsikia akimwita dada, siku zote Mashoto.

"Tembea basi," dada alisema. "Mkono unaniuma."

"Upi?"

"Wa kulia. Wewe si ndiye uliyeusifia?"

Alicheka peke yake. Injinia aliinamisha kichwa, akaenda hatua kwa hatua, uso ukimwaka, na kila alipoinua macho aliyaona yale mafundo, mamia kwa mamia yamelala kushoto, na moja tu limelala kulia. Kweli, nguo ya kuazima haisitiri maungo.