Mjomba wa Kuazima

Wenzangu, mchukulieni mama mmoja aliyekuwa akiishi kwa hofu.

Hakuwa mwizi, wala hakuwa na deni la mtu. Alikuwa na nyumba nzuri, mapazia mazito, na sebule ambayo hata watoto wake walikatazwa kukaa. Alichoogopa ni kujulikana. Majirani alikuwa amewaambia kwamba kwao ni watu wa ubalozini, wamekulia ng'ambo, chai yao hainyweki bila kikombe na kisahani chake. Ukweli je? Kaka yake wa pekee, aliyemlea baada ya wazazi kufariki, alikuwa mchuna ngozi machinjioni, mji wa pili. Tangu ahamie nyumba ile hajawahi kumwonyesha hata geti.

Basi binti yake akachumbiwa, na wakwe wakatuma ujumbe kwamba wanakuja kutoa mahari. Desturi ya kwao ni kwamba mjomba wa binti asipokuwepo kitini, mahari haipokelewi. Mama akapiga hesabu. Kaka aje na mikono ile yenye makovu ya kisu, na kicheko kile cha machinjioni, mbele ya familia yenye jina? Akamtafuta mstaafu mmoja wa mtaa wa mbali, mtu wa tai, anayejua uma na kisu, akamweka kwenye kiti cha mjomba. Kaka hakuambiwa kitu.

"Mama, na mjomba?" binti akauliza.

"Mjomba wako ndiye huyo amekaa hapo. Ukifungua mdomo wakajua, harusi hakuna. Wale hawaoi kwa wachuna ngozi. Unamtaka mwenzio au humtaki?"

Binti alimtaka sana. Akakubali, na hofu ya mtu mmoja ikawa ya wawili.

Magari ya wakwe yakaingia. Mama alikuwa nyuma ya pazia, akichungulia. Akashuka mshenga. Akashuka kijana na mama yake, vitambaa vinametameta. Mwisho, mlango umefunguliwa na watu wawili kama anashuka waziri, akatoka baba mkubwa wa kijana: mzee mrefu, mvi safi, suti ya kijivu, mabega wima.

Alikuwa kaka yake mama.

Mnacheka? Hebu ingieni kwenye kifua cha yule mama kwanza, ndipo mcheke. Kumbe wakwe nao walikuwa na mzee wao waliyemwonea haya. Walipokwenda machinjioni kununua mbuzi wa sherehe wakamwona mchuna ngozi mwenye umbo la heshima, wakamvisha, wakamwambia: kaa wima, itikia kwa kichwa, tukimaliza suti ni yako. Hata jina la binti hawakumtajia.

Mzee akaingia. Akamwona dada yake. Akaona na kiti cha mjomba kimeshapata mtu. Akaketi alikoonyeshwa, upande wa wakwe. Sinia la chai likamtetemeka mama mikononi, vijiko vikagongana.

"Mama, weka tu chini," mshenga akamtania. "Unatutetemekea kana kwamba tumekuja kukamata mtu!"

Wote wakacheka. Mama akacheka kuliko wote, huku jasho likimshuka mgongoni.

"Haya, mjomba wa binti yupo?"

"Nipo," akajibu yule wa tai.

Mzee wa suti ya kijivu akatazama zulia.

Sasa, kwao wageni hawanywi hata maji mpaka binti aitwe, aulizwe kama anawafahamu. Akiwakana, wanageuza magari. Binti akaletwa, kichwa chini.

"Mwanetu," mshenga akasema, "kuna mtu hapa unayemfahamu?"

Jibu alikuwa amefundishwa: amtaje kijana, basi. Akainua macho. Akamwona mzee. Akamtazama mama yake. Kichwa cha mama kilikuwa kikitikisika kidogo kidogo, usifanye hivyo, mwanangu, usifanye. Akamtazama mchumba wake. Naye alikuwa anaangalia viatu vyake, ana hofu yake mwenyewe. Binti akavuka zulia, akapiga magoti.

"Shikamoo, mjomba."

"Mjomba wa nani?" mama wa kijana akaruka. "Huyo ni shemeji yangu!"

Mzee akaweka mkono wake juu ya kichwa cha binti.

"Marahaba, mwanangu. Nisamehe. Leo nimeletwa na upande ule."

Wenzangu, nyumba mbili zilikuwa zikiogopana, kila moja ikiamini mwenzake ndiye mkubwa. Mtu yule yule, huku ni aibu ya kufichwa, kule ni pambo la kuazima! Najua kuna atakayesimama kumtetea mama: alitaka tu binti yake aheshimiwe. Sawa, tuipokee hoja hiyo. Aheshimiwe na nani? Na watu waliokuwa wamejificha kama yeye?

Na sisi je? Sisi tunaokutana na baba zetu nyuma ya hosteli ili wenzetu wasione viatu vyao? Tunaosema "ni mtu wa nyumbani tu" na mtu huyo ndiye aliyetuzaa? Tunaomba Mungu atuinue, halafu tunakanyaga migongo iliyotubeba. Tunadhani Yeye naye atakaa sebuleni kwetu na kuamini mapazia?

Mtaniuliza kama harusi ilifungwa. Mimi nawauliza jambo mlilolisahau, na ndilo linalonitisha. Baba mkubwa wa kweli wa yule kijana yuko wapi? Wakati binti amepiga magoti, mzee huyo yuko kwake. Ameoga. Amevaa koti lake la sikukuu, amekaa kizingitini. Aliambiwa gari litampitia. Kila gari likisikika likiunguruma barabarani, anasimama, anajikung'uta vumbi, linapita, anakaa tena.

Kuna mtu alimwambia gari linakuja. Sisi ndio tuliomwambia.