Kona ya Mungu

Paukwa!

(Pakawa!)

Pakawa shamba!

(Na kona yake!)

Ale nani?

(Mwenye njaa!)

Basi kaeni vizuri. Na wewe unayetafuna muwa, tafuna polepole, nataka nisikike.

Hapo kale, wanyama walipokuwa wakienda kanisani, palikuwa na Sungura, baba wa watoto wengi, na jirani yake Mama Kanga, mjane. Mchungaji wao alikuwa Kobe. Ibada ilikuwa Jumapili, Kobe akitoka nyumbani Alhamisi. Hakuchelewa hata siku moja.

Kobe aliwafundisha: "Mnaompenda Bwana Yesu, mkivuna, acheni kona moja ya shamba. Hiyo ni ya Mungu. Mwenye njaa akipita, aingie ale."

Wote wakasema amina. Sungura akaisema kwa sauti kuliko wote. Msimcheke, alimwogopa Mungu kweli. Alimtii kama mtu anayelipa kodi: hakosi, wala hatabasamu.

Mwaka wa kwanza akavuna mtama wake, akaacha kona yenye mwamba. Palikuwa na masuke machache, nayo ndege walishayaona.

Kobe akauliza, "Sungura, umeacha kona?"

"Nimeacha, Mchungaji."

"Haya."

Mwaka wa pili akaacha kona inayotuama maji. Mtama ulioza ukiwa umesimama.

"Sungura, umeacha kona?"

"Nimeacha, Mchungaji."

"Haya."

Mwaka wa tatu akaacha kona iliyotambaliwa na upupu. Wapita njia waliingia na njaa, wakatoka na njaa na muwasho.

"Sungura, umeacha kona?"

"Nimeacha, Mchungaji."

"Haya," akasema Kobe, akijikuna shingo.

Ng'ambo ya njia, Mama Kanga aliacha kona ya bondeni, yenye udongo mweusi na masuke mazito hata yameinama. Tena alikuwa akiipalilia huku anaimba pambio. Jambo hilo lilimkera Sungura.

"Mama Kanga, amri imesema kona. Haikusema kona nzuri."

"Kweli, baba, haikusema," akajibu, akaendelea kuimba.

Sasa sikilizeni. Mtama wa Sungura ulikuwa umerundikwa shambani ukauke. Tembo wakapita. Wakala rundo lote, wakavunja na ghala, wakala na akiba. Kitu walichoacha ni ile kona tu. Tembo ni wakubwa, si wajinga.

Njaa ikaingia nyumbani. Watoto walilia, kisha wakaacha kulia, na hapo ndipo Sungura alipoogopa. Akachukua kikapu, akaenda kwenye kona yake mwenyewe. Alirudi na kikapu kitupu, anajikuna mpaka masikio. Wahenga walisema mchimba shimo huingia mwenyewe. Mwacha upupu hawakumtaja, labda walidhani hatatokea.

Akaenda kwa Mama Kanga, akasimama njiani kwa aibu.

"Mama Kanga, nina watoto."

"Mbona umesimama? Kona hiyo si yangu. Ingia."

Akaingia, akajaza kikapu. Lakini Sungura ni Sungura, mdomo haukutulia.

"Nawe pia una mwamba shambani. Kwa nini hukuacha kona ile?"

"Baba, mkeo akikuomba maji, unamtekea ya dimbwini?"

"Sithubutu!"

"Unaogopa atakupiga?"

"La. Nampenda."

"Haya," akasema Mama Kanga, akashika jembe lake.

Sungura akainamia kikapu chake. Machozi yakamtoka. Akasema ni upupu.

Mwaka uliofuata mvua ilinyesha vizuri. Sungura akavuna. Kobe akaja, akakuta kona imepaliliwa, masuke yameinama. Akatazama upande wa pili wa shamba. Akatazama tena.

"Sungura, umeacha kona?"

"Nimeacha, Mchungaji."

"Naona mbili. Amri ni moja."

"Ile ya kwanza niliamriwa."

"Na hii ya pili?"

"Ya pili sikuamriwa."

"Haya," akasema Kobe, akaingia kula.

Nami hadithi yangu imefika ukingoni mwa shamba. Ikiwa tamu, ni kona yenu, vuneni. Ikiwa inawasha, niachieni, nitajikuna mwenyewe.