Nani Apewe Kompyuta ya Bi. Riziki?

Nina kesi, na mahakimu ni ninyi mnaonisikiliza.

Tanga walikuwapo ndugu watatu, wajukuu wa Bi. Riziki, mwalimu mstaafu wa hesabu. Mwanasiti alijaliwa ulimi: angeweza kumshawishi paka aache dagaa. Hemedi alijaliwa mikono: alichokigusa kilipona. Zuhra alijaliwa sikio: maji yakichemka jikoni, alijua ni sufuria ipi.

Bibi yao alikuwa na kompyuta ndogo ya nyumbani ya miaka ya themanini, ile ya kuchomekwa kwenye televisheni na kusoma programu kutoka kanda ya kaseti. Kwa mashine hiyo aliwaandikia wanafunzi wake mchezo wa vitendawili. Sasa shule yake ya zamani imejenga chumba cha kompyuta, ikatangaza kwamba Jumamosi kitapewa jina la marehemu mumewe, Mwalimu Kombo, "mtunzi wa mchezo wa vitendawili".

Mumewe! Mtu aliyeiogopa mashine ile kama nyuki!

"Nilimpenda marehemu," Bibi alisema, "lakini mchezo niliuandika mimi, huku namnyonyesha mama yenu."

Mwalimu mkuu akajibu kwa adabu zote: "Shikamoo Bibi. Tuletee ushahidi." Kombo yeye aliombwa ushahidi na nani?

Ushahidi ulikuwa kwenye kanda, kwani mchezo hufunguka kwa jina la mwandishi. Lakini kanda haikujulikana iliko, chipu ya kompyuta ilikuwa imeungua, na kibodi yake ya mpira ilikuwa imeoza.

Mwanasiti akazunguka kwa mafundi redio wote wa Ngamiani. Kwa wa mwisho akaikuta kompyuta ya aina ileile, imezuia mlango usijifunge.

"Siuzi," fundi alisema. "Mlango nitauzuia na nini?"

"Mjomba, naitaka kwa ajili ya Bi. Riziki, aliyekufundisha kugawanya."

"Yule wa fimbo ya mpera?"

"Huyohuyo."

"Chukua, binti, kabla hajaja mwenyewe!"

Ndani yake chipu ilikuwa nzima.

Hemedi akaing'oa, akaichomelea mahali pake. Kibodi, hata ile ya fundi ilikuwa imeoza. Basi akachukua kete za bao la Bibi, komwe arobaini, akazifunga nyaya za shaba kwa chini, akaziandika herufi kwa rangi ya kucha ya dada yake.

"Bao langu!" Bibi alilia.

"Zimebaki ishirini na nne, Bibi. Zinatosha kucheza na mtoto."

Zuhra akafungua sanduku la kaseti za harusi. Zote ziliandikwa "Taarab". Akazisikiliza moja baada ya nyingine, hadi moja ikatoa mlio wa nyigu. Bibi akapiga makofi: kumbe aliibandika jina la uongo ili Kombo asirekodi matangazo ya mpira juu yake! Kompyuta ikaikataa mara tatu. Zuhra akachukua bisibisi, akakiinamisha kidogo kidogo kichwa cha redio kaseti, kile kinachosoma kanda, sikio limetegwa, mpaka mlio ukanyooka na kompyuta ikaikubali.

Jumamosi, mbele ya shule nzima, kioo kikaandika:

MCHEZO HUU NI WA RIZIKI. KOMBO, USIGUSE.

Vigelegele! Mwalimu mkuu alikishusha kibao chenye jina la Kombo kwa mikono yake mwenyewe.

Bibi akapangusa machozi ya kicheko. "Mashine hii nairithisha leo. Aichukue aliyeifufua."

"Bila chipu yangu mngebonyeza maiti," akasema Mwanasiti.

"Na bila kete zangu mngebonyeza kwa pua," Hemedi akajibu.

"Bila kanda yangu," akasema Zuhra, "mngewasha mtazame nini?"

Nasikia huko nyuma mtu kishasema Hemedi, eti ndiye aliyeshika vyuma. Hivyohivyo ndivyo Kombo alivyopewa chumba! Kama kweli ni Hemedi, nipe hoja, usinipe mazoea. Na wewe wa "wagawane tu", kata nusu yako kwanza, tuone kama itawaka.

Haya, Bibi anangoja, mashine imo mapajani mwake. Ungemkabidhi nani, na kwa hoja gani?