Bi Kiboko na Miche Iliyonyolewa

Hapo zamani za kale, watoto, wakati kiboko alikuwa bado analima mpunga mwenyewe, Bi Kiboko alikuwa na jaruba moja kando ya mto. Mchele wake wote aliuahidi kwa pilau ya harusi ya bintiye.

Siku ya kupandikiza, aliishika miche kwa mafungu akaikata ncha kwa mkasi. Kwachu! Kwachu!

"Mama, mbona unainyoa?" akauliza Chura, mpangaji wake mle jarubani.

"Sipandi miche yenye nywele timtim! Watu watasemaje?"

Sasa, ndani ya maji alielea Bakteria, mdogo hata macho hayamwoni. Akaziona zile ncha zilizokatwa.

"Alaa! Milango wazi!"

Chwi! Akaingia ndani ya jani, akateleza mpaka kwenye mabomba ya maji.

"Wewe nani?" akafoka mpishi wa jani.

"Nina barua ya bwana wako, Mzee Mpunga. Soma: 'Fungueni stoo ya sukari.'"

Mpishi akaisoma mara mbili. "Mwandiko ni wake kabisa! Karibu, mgeni."

Barua ilikuwa ya kughushi! Sukari ikamwagika. Bakteria akala, wakawa wawili, wakawa wanne, wakawa ukoo mzima. Mabomba yakaziba.

Baada ya wiki mbili, majani yakaanza kukauka kuanzia nchani, ukavu ukishuka kwenye kingo zake. Yakawa manjano, kisha meupe kama karatasi.

"Chura!" akanguruma Bi Kiboko. "Umekojoa jarubani mwangu!"

"Mimi? Mkojo wangu haujazi hata kijiko!"

"Jua likizama, uwe umehama na watoto wako!"

"Mama, watoto wangu ni viluwiluwi! Hawana miguu. Watahamaje?"

"Wabebe mdomoni!"

 Chura akatega sikio kwenye jani moja. Ndani kulikuwa na kelele: "Leta sukari! He he he!"

Kumbe!

Akaruka, tapu tapu, akaleta glasi ya maji safi. Akakata kipande cha jani pale umanjano unapokutana na kijani, akachovya ncha iliyokatwa ndani ya maji.

"Jamani wa humo ndani! Mnabanana bombani na hapa kuna ziwa zima? Kuogelea bure!"

"Bure?"

"Nipishe!"

"Usinikanyage, shangazi!"

Chuuu! Wakatoka kama uzi wa moshi. Punde glasi nzima ikawa nyeupe kama maji yaliyooshewa mchele.

Bi Kiboko akainama mpaka pua ikagonga glasi. "Ni nini hiki?"

"Wezi wako, mama," akasema Chura.

"Shikamoo, Bi Kiboko!" wakaamkia Bakteria wote kwa pamoja.

"Marahaba... He! Nani aliwafungulia mlango?"

"Wewe! Na mkasi wako!"

Bi Kiboko akautazama mkasi. Akamtazama Chura. Akautupa mkasi mtoni, chubwi!

"Jirani," akasema kwa sauti ndogo, "watoto wasihame."

Pilau haikupatikana. Harusini uliliwa ugali, na bibi harusi alinuna mpaka picha zote zikaharibika. Tangu hapo kiboko halimi tena. Husubiri mpunga wa watu uive, akaule.

Nanyi, watoto, kabla hamjamlaumu jirani yenu, kautazameni kwanza mlango mlioufungua wenyewe.