Siwa ya Ngwame bin Shungu

Mnanichosha. Kila Idi mkishashiba pilau mnanikalisha hapa nimtaje Ngwame, halafu kesho yake mnamnyenyekea kila mwenye gari. Haya, nasema, na atakayesinzia atoke.

Zama za babu wa babu zetu, mji wa Mwambakuu ukiwa na kuta na misikiti ya mawe, aliishi Ngwame bin Shungu bin Mwinyi Kae, Ngwame pafu la simba, wa ukoo uliokabidhiwa siwa, lile baragumu la pembe ya ndovu ambalo pasipo mlio wake hapana mfalme: lisipolia siku ya Idi, mfalme hatoki kwenda kuswali, na asipotoka si mfalme tena. Naye mpiga siwa, kwa ada, hutembea peku juani mbele ya mwavuli wa mfalme, wala hakai kitini maisha yake, kwa kuwa ni mtumishi.

Akatawala Sultani Mahfudhu, mjinga aliyevishwa joho. Wapambe wakamwambia yeye ni kivuli cha Mungu duniani, akaamini. Akaamuru kwamba mvua ni yake na kisima cha mji ni chake, hateki mtu maji ila amempigia magoti. Wakapiga. Wajawazito wakapiga, vikongwe wakapiga, na hao mababu mnaojivunia wakapiga pia.

Ngwame hakupiga. Alisimama barazani akasema, "Mwinyi, goti langu lina mwenyewe, naye si wewe. Fungua kisima. Usipofungua, Idi hii siwa hailii."

"Midomo hiyo," akasema Sultani, "ikatwe."

Ikakatwa, mchana kweupe, na mji mzima ukatazama.

Idi ikafika. Kila ndugu wa Ngwame aliyepewa siwa aliipokea kwa adabu, akaiweka chini. Jua likapanda, watu wamejaa njiani, mfalme amekwama mlangoni kama bibi harusi asiyechukuliwa. Hasira zikamshinda, akainyakua siwa, akaipuliza mwenyewe.

Mwana Kiteto, mjane aliyesimama mbele na mtungi wake mtupu, akacheka. "Umeipiga, mwanangu, tena si vibaya. Sasa vua viatu."

Mshika mwavuli, bila kuambiwa, akauondoa mwavuli. Aliyeipiga ni mpiga, na mpiga hakai kitini. Hapakuwa na kadhi wa kulitengua hilo.

Kisima kikafunguliwa adhuhuri ile. Ngwame, uso umefungwa kitambaa, akateka maji akawanywesha wajawazito. Kisha akaupa mgongo mji uliomtazama akikatwa, akaja huku na waliomfuata, akachora mipaka ya mji wetu kwa fimbo, akafa kabla mtama wa kwanza haujakomaa. Ndiyo maana kwetu hapana wa kupigiwa magoti, na mkisahau, radhi zangu hamna.

Mahfudhu naye alilipa. Mpwawe alipokalishwa kitini, yeye alitangulizwa mbele ya mwavuli, peku kwenye mchanga wa moto, apige siwa. Akaipiga Idi kwa Idi, kwa mfalme yule na kwa aliyemfuata, hata meno yakamtoka na pumzi ikamwisha, wala hakutokea mtu wa kumwambia keti.